Nyumba ya Pili Kando ya Ziwa



Juma hili twataka kuongea nanyi juu ya jambo linalozungumzwa sana katika jamaa zilizojaliwa kazi ya mshahara: kununua nyumba ya pili kando ya ziwa. Mtu akiisha kukaa miaka ishirini Lubumbashi, katika vumbi na kelele za mji, moyo wake hutamani maji. Hujiambia: «Nitapata mahali pangu Kalemie au Moba. Watoto wataoga wakati wa likizo, nami siku ya kuacha kazi nitaketi barazani nikitazama mitumbwi.» Tamaa hiyo si mbaya. Lakini yahitaji akili, kwani feza inayotiwa katika nyumba ya namna hiyo mara nyingi ndiyo akiba yote ya jamaa.

Katika mwezi wa kumi wa mwaka 2023, bwana mmoja na bibi yake walituomba tufuatane nao kutazama nyumba si mbali na Kalemie. Nyumba ilikuwa nzuri, ya matofali, na mabati yake mapya. Mbele yake palikuwa na mchanga mweupe, hatua thelathini mpaka majini. Mwenye kuuza alisifu mchanga ule kuliko nyumba yenyewe, akataka malipo ya kwanza siku ile ile, akisema kwamba mnunuzi mwingine yuko njiani.

Karibu na pale mvuvi mzee alikuwa akitengeneza wavu. Mama akamwendea.

«Jambo, mzee wetu.»

«Jambo, binti yangu. Mmekuja kununua?»

«Tumekuja kutazama tu.»

«Basi msitazame mchanga, tazameni mchikichi ule uliokauka. Ni maji yaliyouua. Mwaka 2021 nilipita pale na mtumbwi.»

Mama alirudi kwa bwana yake, akamwambia kwa sauti ya chini: «Baba watoto, leo tusilipe hata franka moja. Tutarudi mwezi wa tano.» Bwana alikasirika kidogo, maana moyo wake ulikuwa umekwisha kuingia nyumbani mle. Lakini alikubali.

Kwa nini mwezi wa tano? Ziwa Tanganyika hujazwa na mvua, na maji yake hufika juu kabisa katika mwezi wa nne na wa tano, mvua zinapokwisha. Kisha hushuka polepole wakati wa kiangazi, mpaka mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Tofauti ya majira hayo mawili mara nyingi ni kama nusu mita au zaidi. Nusu mita ni kitu kidogo penye mwamba, lakini penye mchanga ulio tambarare hufunika hatua nyingi. Anayenunua mwezi wa kumi huonyeshwa ziwa likiwa limerudi nyuma.

Tena kuna jambo kubwa kuliko majira. Ziwa hili, lenye urefu wa kilometa 670 hivi, lina njia moja tu ya kutokea maji, nayo ni mto Lukuga, papo hapo Kalemie. Sehemu iliyo kubwa kabisa ya maji yake haitoki kwa mto huo, bali hupanda hewani kwa joto la jua. Kwa hiyo miaka ya mvua nyingi ikifuatana, maji huzidi mwaka kwa mwaka, wala hayaondoki upesi. Wazee wakumbuka mwaka 1964, ziwa lilipopanda sana. Zamani zaidi, Lukuga ulikuwa umezibwa na mchanga na matete. Karibu na mwaka 1878 maji yakapasua kizuizi kile, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka mita 10 hivi. Basi pwani ya ziwa haijakaa kamwe mahali pamoja. Asiyejua hayo huona miaka michache mikavu, hudhani kwamba mchanga ni mali ya nyumba.

Sasa tuseme juu ya hati. Kwa sheria ya mwaka 1973 ardhi yote ya Kongo ni ya Serikali. Mnunuzi hapati ardhi yenyewe, bali haki ya kuitumia, na haki hiyo husimama juu ya cheti cha kuandikishwa kitolewacho na Konservatere wa hati za ardhi. Barua ya chifu au karatasi iliyotiwa sahihi mbele ya majirani haiwezi kushika mahali pa cheti hicho. Kabla ya kulipa, nendeni wenyewe ofisini mwake, mkaulize cheti kina jina la nani, na kama kiwanja kimewekwa rehani kwa deni. Wahenga walisema: Mali bila daftari huisha bila habari.

Ulizeni vile vile kama mwenye kuuza ana bibi au bwana. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 yataka wote wawili wakubali nyumba ikiuzwa. Na ikiwa nyumba ni urithi, warithi wote wajulikane. Wangapi wamelipa kwa kaka mkubwa, kisha wadogo zake wakatokea wakidai haki yao!

Sheria ile ile ya ardhi yasema tena kwamba mahali maji ya ziwa yanapolala ni mali ya watu wote, mpaka mstari unaofikiwa na maji yakijaa kwa kawaida. Basi atakayejenga ukuta mpaka majini amejenga juu ya kitu kisicho chake. Tena amewafungia njia akina mama wanaoteka maji na wavuvi wanaovuta nyavu. Kuwa na nyumba ya kupumzikia ni neema. Kuwanyima jirani maji kwa ajili ya pumziko letu ni udhalimu. Na jirani ndiye atakayeilinda nyumba siku mlipo mbali.

Afya nayo isisahauliwe. Ziwa likipanda huingia katika vyoo vya shimo, na kipindupindu ni ugonjwa wa kawaida huko Kalemie na Uvira. Choo kiwe mbali na maji, upande wa juu usiofikiwa na mafuriko. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Watoto wasiogelee penye majani na maji yaliyotulia, kwani kichocho hukaa humo. Na mamba hatangazi kuja kwake: ulizeni wenyeji.

Mwisho, fanyeni hesabu. Bei ya nyumba ya pili haiishi siku ya kulipa. Tuseme zamu alipwa dolari 50 kwa mwezi: ni dolari 600 kwa mwaka, na 6.000 kwa miaka kumi. Ongezeni kodi ya kila mwaka, mabati yanayoliwa na kutu, mchwa na nauli za safari. Ikiwa hesabu hiyo yagusa ada za shule za watoto, nyumba ingoje.

Je, wale wawili walifanyaje? Katika mwezi wa tano wa mwaka 2024 walirudi, nasi tulikuwa pamoja nao. Ule ndio mwaka ziwa lilipopanda hata likaingia katika nyumba za Kalemie, Uvira na Bujumbura. Mchanga haukuonekana tena. Maji yalikuwa yamepita kizingiti cha nyumba ile, na samaki wadogo walicheza mahali pa jiko. Bwana alisimama kimya kitambo. Kisha akasema: «Mama watoto, ungalikuwa umenyamaza siku ile, leo tungekuwa maskini.»

Baadaye walinunua nyumba ndogo juu mlimani, yenye cheti, na njia ya watu wote ya kushukia ziwani. Kwa miguu ni mwendo wa robo saa. Bwana hunung'unika kidogo akipanda kurudi, lakini akiketi barazani huiona mitumbwi yote.

Ninyi pia, wasomaji wapenzi, msinunue kiwanja kabla ya kukiona katika mwezi wa tano. Na bibi akisema «tungoje», asikilizwe.