Chupa uliyotupa jana iko wapi?

Jana watoto walikunywa soda, nawe chupa ya plastiki ukaitia katika debe moja na maganda ya viazi na mabaki ya sukuma wiki. Lori la taka likapita, ukashukuru kwamba nyumba ni safi. Je, umewahi kujiuliza chupa hiyo ilikwenda wapi?

Kwa wengi wetu hapa Nairobi, ilikwenda Dandora. Jaa hilo lilianza miaka ya 1970, na mwaka wa 2001 likatangazwa kuwa limejaa. Malori hayakukoma. Upande mmoja pana Mto Nairobi, na karibu nalo kuna nyumba na shule. Mwaka wa 2007 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wa sehemu hizo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi damuni kufikia au kupita kiwango kilichokubaliwa. Plastiki si ya kulaumiwa peke yake, lakini inapochomwa pamoja na taka nyingine, moshi wake wenye sumu huingia katika vifua hivyo hivyo vichanga.

Kuna njia nyingine. Jaani wapo akina mama na vijana wanaookota chupa na mitungi na kuiuza kwa kilo. Plastiki hiyo huoshwa, husagwa na kuyeyushwa, ikawa ndoo, bomba au nyuzi za nguo. Hapa Nairobi, Nzambi Matee huichanganya na mchanga akatengeneza matofali ya kutandika njia. UNEP ilimtuza mwaka wa 2020. Kila kilo inayotumika tena haichomwi, haizibi mtaro, haielei mtoni, na hupunguza mafuta ya petroli yanayohitajika kutengeneza plastiki mpya.

Lakini chupa iliyopakwa mchuzi na majivu ni kazi kuiosha, na aliyeiokota hulipwa kidogo. Ndiyo sababu kazi huanzia jikoni. Sheria ya taka ya mwaka wa 2022 inatutaka tutenganishe taka nyumbani. Weka madebe mawili: moja la vinavyooza, jingine la vikavu. Suuza chupa, na umwachie mtoto kazi ya kuzipanga, atajifunza.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Haba na haba ndiyo pia iliyojaza Dandora.