Walimu wa Kwale na Waingie Majini

Kila mwaka shule za bara huleta wanafunzi wao Diani kwa mabasi. Watoto hao, ambao wengi wao hawajapata kuiona bahari ila katika picha za vitabu vya Jiografia, hushuka mbio wakivua viatu, na kabla mwalimu hajamaliza kuhesabu vichwa, baadhi yao huwa wamekwisha kufika maji ya kiunoni. Mwalimu hubaki ufuoni na kipenga chake mdomoni. Hupuliza, hukemea, huita majina. Kuingia hawezi, kwa kuwa hajui kuogelea.

Mwandishi wa safu hii hasimulii habari hiyo ili kumcheka mtu, maana mwalimu wa namna hiyo amepata kuwa yeye mwenyewe. Nilizaliwa na kulelewa upande wa Msambweni, mahali ambapo mtu hulala akisikia mawimbi yakivunjika mwambani, na nikafika umri wa miaka 41 bila ya kujua hata kuelea. Siku moja wanafunzi wangu wa darasa la saba walivutwa na maji yaliyokuwa yakipwa, wakafika mbali kuliko walivyokusudia. Walirejea salama kwa sababu kijana mmoja mvuvi, aliyekuwa akitengeneza ngalawa yake, aliwafuata akawaleta mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, kitabu cha mahudhurio mkononi. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi: hakuna aliyetarajia mwalimu afanye jingine.

Hoja yetu leo ni kwamba walimu wa Kwale, na watu wazima wa Pwani Kusini kwa jumla, waunde vyama vya kuogelea, wajifunze, wafanye mazoezi kwa ajili ya afya zao, kisha washindane. Tunafahamu kwamba wako watakaoiona hoja hii kuwa ya anasa wakati ambapo madarasa yana uhaba wa madawati. Tunawaomba wasome hadi mwisho.

Tazama ni nani anayeogelea katika ufuo wetu. Wageni wa hoteli huogelea. Watoto wa wavuvi wa Gazi, Shimoni na Vanga nao huogelea, na aghalabu hakuna aliyewafundisha. Walirukaruka kutoka kwenye madau hadi maji yakawazoea. Lakini mtoto huyo akipelekwa shule, akafaulu, akawa karani au mwalimu, huiacha bahari pamoja na kaptura zake za utotoni. Kadiri mtu anavyosoma ndivyo anavyozidi kuyapa maji mgongo, kana kwamba cheti na kuogelea havikai nyumba moja. Huko Kinango na Samburu, ambako bahari ni habari ya kusimuliwa, yako malambo ya maji ya mvua ambayo watoto huyaendea na madumu yao, na lambo lenye kingo za udongo mtelezi halina huruma kuliko bahari. Kwa hiyo jambo hili si la watu wa ufuoni peke yao.

Wala hatuwezi kulizungumza bila ya kuitaja tarehe 29 Aprili 1994, siku ambayo kivuko cha Mtongwe kilipinduka kikiwa kimejaa abiria kupita kiasi, wakafa watu 272. Kilipinduka mita zipatazo 40 tu kutoka gatini. Umbali huo haufiki hata urefu mmoja wa bwawa la Olimpiki, ambao ni mita 50. Tusieleweke vibaya. Waliokufa hawakufa kwa kosa la kutojua kuogelea. Chombo kilipakiwa kuliko uwezo wake, na katika msukumano wa watu wengi hata mwogeleaji hodari huweza kuzama. Lakini ni nani kati yetu, anayevuka Likoni kila anapokwenda Mombasa, ambaye hajapata kuyatazama maji yale na kujiuliza angefanya nini? Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka 2021. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuhimiza kinga dhidi ya vifo hivyo. Sijapata kusikia tarehe hiyo ikitajwa katika gwaride la shule.

Sasa tuje kwenye chama chenyewe. Wengi hudhani kwamba mashindano ya kuogelea ni ya vijana wembamba wa miaka kumi na minane, na kwamba aliyepitwa na umri huo amepitwa na mchezo. Sivyo. Shirikisho la dunia la michezo ya majini lina utaratibu maalumu wa watu wazima, kuanzia umri wa miaka 25. Huwapanga kwa vikundi vya miaka mitano mitano, 25 hadi 29, 30 hadi 34, na kuendelea hadi umri ambao wengi wetu hatuutarajii. Mashindano ya kwanza ya dunia ya kundi hili yalifanyika Tokyo mwaka 1986. Mjapani mmoja, Bi. Mieko Nagaoka, alianza kuogelea akiwa amepita miaka 80. Mwaka 2015, akiwa na miaka 100, aliogelea mita 1,500 bila ya kusimama, kwa muda wa saa moja na dakika 15 na ushei. Mwalimu wa miaka 45 anayesema amezeeka na atuambie amezeeka kuliko nani.

Kipo kipengele kimoja cha utaratibu huo ambacho kingewafaa sana walimu wetu. Katika mbio za kupokezana, umri wa waogeleaji wanne hujumlishwa, na kikosi hupangwa kulingana na jumla hiyo: miaka 100 hadi 119, kisha 120 hadi 159, 160 hadi 199, na kadhalika. Mwalimu mgeni wa miaka 28, wengine wawili wa miaka 36 na 44, na naibu wa mwalimu mkuu wa miaka 52, hufanya kikosi cha miaka 160. Hapo mzee si mzigo kwa wenzake, kwani umri wake ndio unaokiinua kikosi kuingia kundi la watu wa rika lao. Ni michezo mingapi ya wafanyakazi inayoweza kusema hivyo? Katika kandanda ya walimu, aliyefikisha miaka 50 hupewa kazi ya kulinda mifuko ya wenzake.

Kuhusu afya hatuna haja ya maneno mengi. Mwalimu husimama mchana kutwa, hukaa usiku kusahihisha, na wengi wanaokaribia kustaafu wana magoti yanayouma na shinikizo la damu. Maji yakimfika mtu kifuani hubeba sehemu kubwa ya uzito wake, hivyo viungo hupumzika huku moyo na mapafu vikifanya kazi. Mwenye maradhi ya moyo amwone daktari kwanza. Aliyebaki aje.

Mtu mzima anayejifunza, huzuiwa na pumzi kabla ya kuzuiwa na mikono. Huibana, huinua kichwa juu ya maji kama kobe, na kichwa kikipanda miguu huzama. Akiona miguu inazama hupigapiga maji kwa hofu, akachoka katika mita kumi. Mkufunzi mwema humwanzisha kwa mambo yanayoonekana ya kitoto: kuzamisha uso na kutoa pumzi ndani ya maji, kuelea chali, kujisukuma ukutani na kuteleza akiwa amejinyoosha. Mimi nilichukua wiki tatu kuelea. Siku niliyoelea nilitazama mawingu nikacheka peke yangu, na kijana aliyekuwa akinifundisha, ambaye umri wake ungetosha kuwa mwanangu, akaniambia, “Mwalimu, usicheke, utameza maji.” Kwa mwalimu, kukaa tena upande wa mwanafunzi asiyeelewa ni dawa. Tangu hapo nimekuwa mpole zaidi kwa wale wanaoshindwa na hesabu za sehemu.

Swali linalofuata ni la mahali. Bwawa la Olimpiki la Kasarani, lililojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987, liko Nairobi, na mtu wa Ukunda atasafiri takriban kilomita mia tano kutoka baharini ili apate maji ya kuogelea. Katika Kwale mabwawa mengi yamo ndani ya hoteli. Hayo hukaa bila ya mtu tangu alfajiri hadi wageni wanapoamka kunywa chai, na katika miezi ya masika, Aprili hadi Juni, wageni wenyewe huwa haba. Hatuombi sadaka. Chama kilichosajiliwa, chenye orodha ya wanachama, mkufunzi na ada, kinaweza kuketi na meneja wa hoteli na kupatana saa moja, siku mbili kwa wiki. Mtu mmoja akienda peke yake langoni atafukuzwa na bawabu; sote tunalijua lango hilo.

Na ipo bahari yenyewe, ambayo haina bawabu. Ndani ya mwamba wa matumbawe, kuanzia Tiwi hadi Diani na kusini zaidi, maji yakijaa hufanyika kidimbwi kirefu ambacho nchi nyingi zingekilipia fedha nyingi. Lakini kina kanuni zake. Maji yanapokupwa hutoka kwa nguvu kupitia milango ya mwamba, na wakati wa bamvua mkondo huo huzidi. Anayeogelea na achague saa ya maji kujaa, na siku za maji mafu kwa wanaoanza. Mdomo wa Mto Mwachema, karibu na msikiti wa kale wa Kongo, unapendeza macho ila mkondo wake si wa kujaribia. Kusi likivuma bahari huchafuka. Kaskazi ndiyo majira ya mazoezi marefu. Elimu hii yote wanayo wavuvi, na chama chenye akili kitawaweka wavuvi miongoni mwa wakufunzi wake na kuwalipa. Mashindano ya watu wazima katika maji ya wazi huwa ya kilomita 3 katika mashindano ya dunia. Umbali huo tunao mlangoni, na hatukuujenga sisi.

Tumeambiwa kwamba wanawake hawatajiunga. Kisiwani Unguja, huko Nungwi na vijiji vya kaskazini, mradi wa kuwafundisha wanawake na wasichana kuogelea ulikwisha kulijibu jambo hilo kwa vitendo. Waliingia baharini wakiwa wamevaa mavazi ya kuogelea yanayositiri mwili mzima, wakifundishwa na wanawake wenzao. Mwaka 2016 wanafunzi wa shule ya msingi ya Kijini walipigwa picha wakijifunza katika bahari ya Muyuni, na picha hizo zikasifiwa duniani. Ikiwa Unguja imewezekana, Kwale kuna nini? Kina mama wetu wa Kibuyuni na Mkwiro hulima mwani, na wengine huchokoa pweza mwambani maji yakipwa. Bahari ni shamba lao. Mwanamke anayefanya kazi ndani ya maji anastahili kujua la kufanya maji yanaporudi kwa ghafla. Kinachotakiwa ni saa zao wenyewe, wakufunzi wa kike na mahali pa kubadilishia nguo. Heshima haikupungua Nungwi.

Tumewaelekea walimu kwa sababu mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini mwaka 2019, umekuweka kuogelea miongoni mwa mambo ya kufundishwa watoto wadogo. Mara nyingi somo hilo hufundishwa ubaoni: mwalimu huchora mtu aliyelala kifudifudi, akachora mawimbi juu yake, akawaambia watoto wapige miguu wakiwa kwenye viti. Hatuwalaumu. Asiyepata kuingia majini atawafundishaje wengine kuingia? Matokeo yake ni kwamba mchezo huu umebaki wa shule chache zenye mabwawa. Jason Dunford, Mkenya aliyezaliwa Nairobi, aliweka rekodi ya Olimpiki katika mchujo wa mita 100 kipepeo huko Beijing mwaka 2008, ingawa ilivunjwa baada ya dakika chache, akamaliza wa tano katika fainali, kisha akatwaa dhahabu ya mita 50 kipepeo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Delhi mwaka 2010. Kwa hiyo Mkenya anaweza. Lakini kati ya Vanga na Likoni mna watoto wangapi wenye mapafu ya kupiga mbizi ambao hawajapata kupimwa kwa saa?

Walimu wetu ni hodari wa kuunda vyama. Wana vyama vya akiba na mikopo, vya mazishi, vya kununua mashamba. Chama cha kuogelea hakihitaji zaidi ya katiba ya kurasa mbili, mkufunzi anayejua kuokoa, boya, kamba, na mtu mmoja wa kukaa nje akihesabu vichwa kila mara. Tunapendekeza kwamba matawi ya vyama vya walimu katika Matuga, Msambweni, Lunga Lunga na Kinango yaanze na wanachama kumi kumi, wanawake na wanaume, na ofisi ya michezo ya kaunti iwaandikie mameneja wa hoteli kabla ya masika. Likizo ya Agosti inatosha kujifunza kuelea. Kufikia Desemba, kaskazi ikitulia, yawepo mashindano ya kupokezana, mita 50 kila mtu, ndani ya mwamba, maji yakiwa yamejaa.

Mwandishi wa safu hii amekwisha kujiandikisha kwa wenzake wa Msambweni. Umri wake ni miaka 46. Anatafuta walimu watatu ambao umri wao ukijumlishwa haupungui 114.