Saa ya Michezo na Hukumu ya Mwalimu

Msomaji, utazame uwanja wa shule saa ya michezo. Mara nyingi utaona wavulana wamepewa mpira na kiwanja kizima, na wasichana wamepewa kamba na kivuli cha mti. Mvulana akichoka huambiwa akaze mwendo. Msichana akichoka huambiwa apumzike. Ukiuliza sababu, utajibiwa kwamba wasichana ni dhaifu. Jawabu hilo ni jepesi kulisema, lakini si la haki.

Sehemu kubwa ya udhaifu huo hufundishwa. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Anayehimizwa kila juma huongezeka pumzi na nguvu. Anayeachwa kivulini hupungukiwa na vyote viwili. Kisha mwalimu huwapima wote kwa saa moja, na matunda ya mafundisho yake mwenyewe akayaita maumbile. Huyo ni sawa na mkulima aliyeinyima mbegu maji, halafu akailaumu kwa kutoota.

Hukumu hii imepata kutolewa hata mbele ya dunia nzima. Katika Olimpiki ya Amsterdam, mwaka 1928, wanawake walikimbia mita 800. Baadhi yao walipofika mwisho wamechoka, wakubwa wa michezo walisema mbio hizo ni nzito mno kwa mwanamke. Zikaondolewa hata mwaka 1960. Lakini Dorando Pietri wa Italia alianguka mara kadhaa katika marathoni ya London, mwaka 1908, wala wanaume hawakufungiwa mbio hizo.

Kwetu Kenya, Naftali Temu alileta dhahabu ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1968. Mwanamke wa kwanza kuileta alikuwa Pamela Jelimo, mwaka 2008, katika mita 800 zile zile. Je, katika miaka hiyo 40 maumbile ya binti wa Kenya yaligeuka? La! Kilichogeuka ni nafasi aliyopewa.

Wako wasemao kwamba mabingwa wa kiume wana kasi zaidi. Ni kweli, lakini kazi ya mwalimu ni kumfanya kila mwanafunzi awe bora kuliko alivyokuwa jana. Wala mvulana mnyonge hasalimiki: huchekwa kwamba anakimbia kama msichana, tusi moja likawaumiza wawili.

Basi, binti, dai mpira na kiwanja pia. Nawe kijana, mpishe. Nanyi mtakaokuwa walimu kesho, msihukumu kabla ya kufundisha.