SALA NDEFU NA NYUMBA YA MJANE



Inapokaribia siku ya mavuno, au parokia inapoanza ujenzi, sisi mapadre hupenda kuhubiri juu ya yule mjane maskini aliyetia senti zake mbili katika sanduku la hazina ya Hekalu. Twamsifu kwa ukarimu wake, na waamini wafungua mikoba. Ni nadra tuwasomee aya iliyo jirani na habari hiyo. Katika Mk 12:40 Bwana wetu anawakemea walimu wa Sheria wanaokula nyumba za wajane, huku kwa kujionyesha wakisali sala ndefu. Mara baada ya maneno hayo ndipo Mwinjili anapotuonyesha mjane akitoa vyote alivyokuwa navyo. Dominika ya 32 ya Mwaka B kitabu cha masomo kinaruhusu Injili hiyo isomwe kwa kifupi, kuanzia kwenye sanduku la sadaka, na wengi wetu twaupenda ufupi huo. Twachukua senti za mjane; habari za nyumba yake twaziacha.

Tunaandika haya kwa sababu nyumba za wajane zinaliwa hata sasa, na wanaozila wengi wao twawajua. Ni wabatizwa, wana kadi za zaka, na baadhi yao huongoza sala katika Jumuiya Ndogo Ndogo zetu.

Tuanze kwa kuungama. Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia tuliyoihudumia, alifariki mwanajumuiya mmoja, fundi seremala. Jumuiya yake ilisali rozari siku tisa. Vijana walichimba kaburi, akina mama wa WAWATA walipika, nasi tuliadhimisha Misa ya mazishi na kumsifu marehemu kwa ndoa yake takatifu ya miaka kumi na minane. Siku ya arobaini ukoo ulikaa kikao nyuma ya nyumba, huku sisi tukiwa sebuleni tunakula. Kabla ya mwezi kwisha, mjane na watoto wake wanne walikuwa wamerudishwa kwao wakiwa na mizigo mitatu na cherehani. Nyumba, shamba la migomba, randa na misumeno ya marehemu vilibaki mikononi mwa shemeji yake, aliyekuwa kiongozi wa jumuiya ile ile.

Oktoba iliyofuata, zamu ya rozari ilifika kwake. Jumuiya ilikusanyika katika nyumba ile, nasi tulikwenda. Tulikalia viti alivyovitengeneza marehemu kwa mikono yake. Hakuna aliyeuliza mama mwenye nyumba yuko wapi. Sisi pia hatukuuliza. Tulisali matendo yote matano pamoja na litania, tukatoa baraka, tukarudi parokiani.

Mara nyingi tumejiuliza sala ile ilikuwa kitu gani mbele ya Mungu. Mtume Yakobo anafundisha kwamba dini iliyo safi ni kuwaangalia yatima na wajane katika dhiki yao (Yak 1:27). Basi sisi tulikuwa na rozari, na tulikuwa na jumuiya; dini ndiyo iliyokosekana.

ETI NI MAMBO YA UKOO

Tukizungumza hivi, viongozi wengi wa walei hutujibu: "Baba, hayo ni mambo ya ukoo. Kanisa lisiingilie." Jibu hilo tunalikataa. Wakati wa uchumba Kanisa halikuogopa ukoo. Tulidai vyeti vya ubatizo, tulitangaza ndoa Dominika tatu, tuliwauliza watu wote kama wanajua kizuizi chochote. Wazee walipoichelewesha ndoa kwa sababu ya mahari, tuliwafuata hadi nyumbani kwao. Iweje Kanisa lenye sauti kubwa siku ya harusi likose ulimi siku ya arobaini?

Wala Mitume hawakusema hivyo. Ugomvi wa kwanza ndani ya Kanisa la Yerusalemu ulihusu wajane waliosahauliwa katika mgawo wa chakula wa kila siku (Mdo 6:1-6). Mitume hawakuwarudisha wajane hao kwa ndugu zao. Waliiita jumuiya yote na kuchagua watu saba wenye sifa njema waishughulikie kazi hiyo. Maaskofu wa Afrika Mashariki walioamua mwaka 1976 kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo ziwe msingi wa uchungaji wao, na Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994 iliyoliita Kanisa Familia ya Mungu, hawakukusudia tupate familia ya kusali pamoja na kuzikana tu. Familia ambayo binti yake anafukuzwa nayo ikanyamaza, haina haki ya kujiita hivyo.

ETI NI MILA, NA MAHARI ILIKWISHA LIPWA

Wengine wajitetea kwa mila. Tunaheshimu mila za wazee wetu, na kwa sababu hiyo hatupendi zisingiziwe. Katika mila nyingi zetu, aliyepokea mali ya marehemu alipokea pia mzigo wake: mjane aliendelea kula katika shamba lile lile, na yatima walilelewa. Leo mila imekatwa vipande viwili. Kipande cha kupokea kinashikwa kwa nguvu. Kipande cha kulea kinatupwa jalalani. Hiyo si mila tena. Ni wizi uliovaa kanzu ya wazee.

Na juu ya mahari: ni shukrani kati ya koo mbili, wala si bei ya mtu. Tunasadiki kwamba mume na mke si wawili tena, bali mwili mmoja. Kama ni mwili mmoja, nani aliyemnunua mwenzake? Na kama mke ni sehemu ya mwili wa mumewe, mtu anayemwambia mjane kwamba yeye ni mgeni katika nyumba hii anaikana ndoa aliyoishangilia mwenyewe kanisani.

SHERIA YASEMAJE

Waamini wengi hawajui sheria ya nchi, na wajanja hutumia ujinga huo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Inasema pia kwamba mjane yu huru kukaa apendapo, na kuolewa au kutoolewa kwa hiari yake, hata mila ikisema vingine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi. Hata kabla ya hapo, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alitamka katika shauri lililotoka Bukoba kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kuuza shamba la ukoo alilorithi.

Hata hivyo sheria nazo zina dhambi zake. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliweka kanuni kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Wajane wawili walipozipinga kanuni hizo, Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikiri kwamba zinabagua, lakini haikuzifuta. Wajane hao walikwenda mbele zaidi, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake ikawapa haki. Wajane wawili walikuwa na ujasiri ambao jumuiya nzima zimeukosa.

TUFANYE NINI

Kwanza, wanandoa. Mume anayesali na mkewe kila jioni lakini anamficha hati ya kiwanja, sala yake haijaingia ndani ya ndoa. Jina la mke liandikwe katika hati pamoja na la mume, na wosia uandikwe mngali na afya. Kuandika wosia si kujiitia kifo. Ni tendo la upendo.

Pili, jumuiya. Mwanajumuiya akifariki, wateuliwe watu wawili, mume na mke, wamsindikize mjane katika kikao cha ukoo na katika Mahakama ya Mwanzo. Wote wafundishwe kwamba msimamizi wa mirathi si mrithi: ni mtumishi wa warithi, na mahakama humdai orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo.

Tatu, halmashauri za walei. Anayekalia nyumba ya mjane au ya yatima asishike uongozi wowote hadi airudishe. Tusiseme kwamba tunamwonea. Zakayo alijitolea kurudisha mara nne. Huyu tunamwomba arudishe mara moja tu.

Nne, sisi mapadre. Kabla ya kuitikia mwaliko wa Misa ya arobaini, tuulize mjane atalala wapi baada ya wageni kuondoka. Tusipouliza, chakula tunachokula ni sehemu ya nyumba yake.

Mungu aliwaonya Waisraeli kwamba mjane na yatima wakimlilia, hakika atasikia kilio chao (Kut 22:22-23). Basi kutoka kijiji kimoja huenda zinapaa sala mbili: ya jumuiya iliyokusanyika ndani ya nyumba, na ya mwanamke aliyetolewa ndani yake. Maandiko yametuambia ipi itasikilizwa.

Oktoba ijayo, tukikusanyika jioni kwa zamu ya rozari, kabla ya kutaja tendo la kwanza, mmoja wetu aulize kwa sauti: nyumba hii ni ya nani?

Tumsifu Yesu Kristo.