Taa za Rangi Unazo, Breki Je?

Leo nina neno, na najua kuna watakaoninunia.

Ukipita steji hapa Ramisi jioni utadhani kuna harusi. Pikipiki zina taa za kijani na zambarau, spika imefungwa nyuma, stika mpaka kwenye madgadi. Safi, hata yangu iko hivyo. Lakini waulize wenyewe: mara ya mwisho kufungua gurudumu la nyuma ukaangalia breki ni lini? Kimya.

Mimi nilifunzwa na hofu. Nilikuwa natoka Msambweni nimembeba shangazi, tunakaribia nyumbani. Trekta ya miwa ikachomoka shambani ikaingia barabarani. Nikakanyaga breki, nikasikia chuma kwa chuma, na pikipiki bado inaenda. Tuliokolewa na nyasi za kando. Shangazi hakunitukana. Alishuka, akajifunga leso vizuri, akasema, "Mimi nitatembea." Wallahi iliniuma kuliko tusi.

Na kinachoniaibisha ni kwamba nilijua. Miezi yote ile, breki ikilegea nakaza ile nati ya nyuma, raundi mbili, nasonga. Wengi wetu tunafanya hivyo. Lakini kukaza nati hakuongezi breki. Unasogeza tu kile kidogo kilichobaki kifikie dramu. Kikiisha, chuma kinakwaruza dramu, na badala ya kununua breki shuu kwa pesa ya kazi ya asubuhi moja, unatafuta hapu nzima. Hapo hatujataja mfupa wa mtu.

Utaniambia, "Si kuna fundi?" Yuko. Lakini fundi hajui breki yako ikoje mpaka umpelekee, na wewe ndiye unayesema kesho. Ndio maana nasema kila mwenye pikipiki ajue kuifanya kazi hii mwenyewe.

Mimi alinifunza babu. Yeye alishika spana kwenye kiwanda cha zamani cha sukari hapa Ramisi, kabla hakijafungwa 1988. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, injini ikiwa imepoa. Fungua nati ya fimbo ya breki, kisha ule mkono unaoshikilia sahani ya breki, halafu ekseli. Gurudumu likitoka, utaona breki shuu mbili kama nusu duara, zimeshikwa na springi. Piga picha na simu kabla hujagusa, utanishukuru. Lile vumbi usilipulize kwa mdomo, si la kuvuta kifuani. Lipanguse kwa kitambaa kibichi. Weka shuu mpya, na grisi isiguse pale panaposhika. Kitambo kidogo cha grisi kwenye mhimili unaozisukuma kinatosha.

Ukirudisha, ule mkono wa sahani usiusahau hata kwa bahati mbaya. Bila huo, sahani nzima inaweza kuzunguka na gurudumu. Rekebisha cheni, kaza ekseli, pedali iachie nafasi ya sentimita mbili tatu hivi, gurudumu lizunguke bila kukwama. Kisha jaribu pole pole mahali patupu, peke yako, kabla ya kubeba mtu. Breki mpya hukaa sawa baada ya kutembea kidogo.

Mara ya kwanza fanya na mtu anayejua amesimama kando. Na kama yako ni breki ya disiki yenye mafuta, au ni gari, usijifunzie kwa abiria. Mpe fundi, lakini simama hapo uangalie anachotoa na anachoweka.

Abiria hawezi kuona ndani ya dramu. Anapanda kwa kukuamini tu, na nauli anakulipa juu. Sasa wewe unayejua nati imefika mwisho, unaambia nini roho yako ukiwasha hizo taa za zambarau?

Shangazi siku hizi anapanda tena. Lakini kila mara, kabla hajakaa, ananiuliza, "Umeangalia?" Na mimi sioni ubaya wa kuulizwa.