Jina la Juma Halina Kosa



Kuanzia Chumbi hadi Ikwiriri na Kibiti, ni nadra kupata ukoo usio na Juma. Mtoto wa kiume aliyezaliwa siku ya Ijumaa huitwa Juma, na wa kike Mwajuma. Neno hilo limebeba mengi. Ni siku ya mkusanyiko. Ni wiki nzima ya siku saba. Na ndilo tunalohesabia, kwani Jumamosi ni siku ya kwanza baada ya Ijumaa na Jumapili ni ya pili. Magharibi mwa Kenya hata Wakristo huitwa Juma.

Makundi mawili yanalidhulumu jina hili.

La kwanza linadai kuwa si la Kiislamu, hivyo aliye nalo alibadili. Hoja hiyo ni dhaifu. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, amepokea hadithi ya tende za ajwa kutoka kwa mwalimu wake aliyejulikana kwa jina la Jum'a bin Abdullah. Mtume (S.A.W.) alibadili majina yenye maana mbaya, mwanamke aliyeitwa 'Aswiya, yaani muasi, alimwita Jamila. Katika Juma ubaya uko wapi, ilhali sura ya 62 ya Qur'ani inaitwa Al-Jumu'a?

La pili ni la hatari zaidi. Mtoto akilia usiku kucha, husemwa kuwa "analilia jina", kwamba marehemu babu yake Juma anataka kurithiwa. Mganga hufuatwa, fedha hutolewa, jina hubadilishwa. Huku nyuma malaria inampanda mtoto, na degedege yaweza kumuua kabla jina jipya halijazoeleka. Enyi wazazi, maiti hana uwezo wa kumliza mtoto! Mpelekeni zahanati mapema, na mumwombe Mwenyezi Mungu (S.W.) peke yake amponye. Kumtegemea asiyekuwa Yeye ni shirki.

Ikiwa jina la Juma linatudai kitu, basi ni kimoja tu. Aya ya 9 ya sura hiyo inawaamrisha walioamini waache biashara pindi wito wa Swala ya Ijumaa unapotolewa. Je, ni kina Juma wangapi wanaoisikia adhana nao wakabaki gulioni? Hilo ndilo la kusahihishwa. Jina tuliache lilivyo.

Wabillahi Tawfiq.