Mkwe Akikataa Maziwa, Usimwite Mwenye Maringo

Haya mpenzi msomaji, mwezi huu tuongee maziwa. Ndiyo, maziwa haya haya ya ng'ombe. Usidhani umekosea ukurasa ukaangukia kwenye mapishi. Uko palepale pa mapenzi na ndoa, maana kuna nyumba hazina amani kwa sababu ya kikombe kimoja tu cha maziwa.

Hebu chukua mfano. Binti katokea Mtwara, kampenda kijana wa Nduruma, kule tambarare chini ya Mlima Meru. Siku ya kwanza ukweni mama mkwe anamtolea heshima kubwa kuliko zote: maziwa freshi, kikombe kimejaa hadi ukingoni. Binti ana adabu zake, anakunywa yote. Saa moja haijapita, tumbo linanguruma kama trekta na keshauliza choo kiko wapi mara tatu. Safari ya pili akikaribishwa anasema, "Asante mama, nimeshiba." Hapo ndo balaa linapoanza. Wifi mmoja anasema anaringa. Mwingine anasema anaona kinyaa. Bibi naye anauliza, asiyekunywa maziwa atalea vipi watoto wa boma hili?

Na ndoa za namna hii Nduruma hazihesabiki. Pana Waarusha, Wameru na Wamasai, na kwa miaka mingi mashamba ya maua na kilimo cha umwagiliaji vimeleta vijana toka kila kona ya nchi. Watu wakifanya kazi pamoja, mapenzi hayaulizi kabila. Tumbo ndilo linalokuja kuuliza baadaye.

Sasa sikiliza sayansi inasemaje. Karibu kila mtoto mchanga huzaliwa na uwezo wa kutumia sukari ya maziwa, inayoitwa laktosi. Utumbo wake unatengeneza kimeng'enya cha laktesi, ambacho kazi yake ni kuikata sukari hiyo vipande viwili ili iingie kwenye damu. Akishaachishwa ziwa, kwa watu wengi duniani kiwanda hicho kinapunguza uzalishaji taratibu. Karibu theluthi mbili ya watu wazima duniani hawaimeng'enyi laktosi vizuri. Inateremka hivyo hivyo hadi utumbo mpana, bakteria wanaichangamkia, gesi inajaa, na mtu anakimbilia msalani.

Umeona? Wa ajabu si mkwe anayekimbilia msalani. Wa ajabu ni mama mkwe, anayemaliza lita nzima na kurudi zizini kuendelea kukamua!

Mama mkwe huyu kapata wapi uwezo huo? Mwaka 2007 jarida la Nature Genetics lilichapisha utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani. Miongoni mwa wenzake alikuwemo Mtanzania, Thomas Nyambo wa Muhimbili. Waliwapima watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Kila mmoja alikunywa maji yenye gramu 50 za laktosi, sawa na iliyomo kwenye lita moja hivi ya maziwa. Kisha walipima sukari kwenye damu yake. Sukari ikipanda, laktesi ipo kazini. Isipopanda, kiwanda kimepunguza kazi.

Baada ya hapo wakasoma vinasaba vyao. Vinasaba ni kama kitabu kilichoandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Watafiti wa Finland walikuwa wameshagundua mwaka 2002 herufi moja iliyobadilika kwa Wazungu na kukiacha kiwanda cha laktesi wazi hadi uzeeni. Kwa ndugu zetu wa huku haikuwa hiyo. Walikuta mabadiliko mengine matatu. Yanayotamba zaidi Tanzania na Kenya yako nafasi namba 14010 kabla ya mwanzo wa jeni ya laktesi, pale ambapo G imegeuka C. Herufi moja tu! Wafugaji wa Ulaya na wafugaji wa kwetu walifika kwenye jibu lilelile, kila mmoja kwa njia yake.

Lakini walijuaje kwamba herufi hiyo ilienea kwa sababu ilikuwa na faida, isiwe bahati tu? Hapa ndipo kompyuta inapoingia, na kazi hii ya kusoma vinasaba kwa kompyuta ndiyo inayoitwa bayoinfomatiki. Kitabu cha binadamu kina herufi kama bilioni 3. Ukilinganisha vitabu vya watu mia nne na zaidi kwa macho, utazeeka hujafika popote.

Fikiria karata. Kila kizazi kinachozaliwa, vinasaba vya wazee huchanganywa upya kama karata kabla ya kugawa. Ukikuta karata nyingi bado zimefuatana kama zilivyotoka kiwandani, unajua mchezo umeanza juzi. Sasa kompyuta ilipoangalia jirani wa ile C mpya, ilikuta kipande cha zaidi ya herufi milioni 2 ambacho bado hakijachanganywa. Maana yake herufi hiyo ni changa, na imeenea haraka mno kabla karata hazijachanganyika. Kisha kompyuta hutengeneza jamii za kubuni, maelfu kwa maelfu, zinazaa na kuzaliana ndani ya mashine, ili kuona kama bahati peke yake ingeweza kuleta hali ile. Jibu likawa kwamba bahati haitoshi. Ndani ya miaka 7,000 hivi iliyopita, waliokuwa na herufi ile walibakiza watoto wengi kuliko wasiokuwa nayo. Jamani, mbele ya umri wa binadamu hiyo ni jana jioni.

Na yako yanayonifurahisha mimi zaidi. Mwaka 2019 kundi lililoongozwa na Mary Prendergast lilitoa matokeo ya vinasaba vilivyotolewa kwenye mifupa ya watu 41 wa kale kutoka Kenya na Tanzania, wakiwemo wafugaji wa mwanzo. Ni mmoja tu aliyeonekana kuwa na herufi hiyo! Mifupa yake ilitoka pango la Gishimangeda, karibu na Ziwa Eyasi, naye aliishi miaka kama 2,000 iliyopita. Mwaka 2021 watafiti wengine wakachunguza ugaga uliogandia kwenye meno ya watu wa kale wa Sudan na Kenya, wakakuta protini za maziwa. Huko Sudan zilikuwa na umri wa miaka 6,000.

Unganisha hayo mawili. Watu wa kwetu walitumia maziwa kwa vizazi na vizazi huku wengi wao hawana jeni ya kuyakubali! Mila ilitangulia, mwili ukafuata baadaye. Kwa hiyo anayesema "asiyekunywa maziwa si wa kwetu" angewafukuza bomani wafugaji wa kwanza wenyewe.

Hapa chonde chonde, nisieleweke vibaya. Herufi hii si kitambulisho cha kabila. Wapo wafugaji wasio nayo na wapo wakulima walio nayo, maana watu wameoana tangu zamani. Mwaka 2009 ilikutwa hata kwa Waxhosa wa Afrika Kusini. Usije ukaanza kuchagua mchumba kwa kumpa kikombe na kushika saa.

Tena kuna mnong'ono mmoja mbaya sana. Mtoto amekua, maziwa freshi yanamsumbua, baba yake anayamaliza bila shida. Mtu anasema chini chini, "Huyu kweli wetu?" Acheni jamani! Nakala moja ya herufi hiyo inatosha kumfanya mtu ayamudu maziwa. Baba akiwa na nakala moja tu na mama hana, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata. Watoto wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kutofautiana, huyu anakunywa na yule anakimbia. Maziwa hayapimi uaminifu wa mwanamke.

Sasa tufanyeje majumbani? Nina machache ya kuwashauri.

Kwanza, mgando ni mkombozi. Maziwa yakiganda, bakteria wanakuwa wameshakula sehemu ya ile laktosi, na wengine wanaendelea kusaidia kazi tumboni. Ndiyo maana binti aliyeshindwa na freshi anaweza kula loshoro, mahindi yake na mgando wake, akaomba na nyongeza. Mama mkwe, heshima yako haijapungua, imebadilisha chombo tu.

Pili, kiasi. Watu wengi wenye tatizo hili wanaweza kumudu kikombe kimoja kidogo, hasa wakinywa pamoja na chakula. Balaa ni kumjazia mgeni kikombe juu ya kikombe, tena tumbo tupu. Na yawe yamechemshwa, maana maziwa mabichi yana magonjwa yake.

Tatu, asiyeweza kabisa asihofie mifupa. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao na mboga za majani zina madini ya chokaa pia.

Nne, hili ni zito: usilichanganye na mtoto mchanga. Mtoto anayenyonya ana laktesi yake, na kukosa kabisa tangu kuzaliwa ni jambo la nadra mno. Akiharisha au akitapika, mpeleke kituo cha afya. Usimwachishe ziwa kwa sababu jirani kasema maziwa hayampendi. Na wewe mtu mzima, ukiona damu, unapungua uzito au tumbo haliachi kuuma hata usipogusa maziwa, muone daktari.

Tano ni lako wewe kaka uliyeoa. Kuongea na mama yako ni kazi yako, si ya mkeo. Ukikaa kimya mezani huku dada zako wanamwita mwenye maringo, umeshachagua upande. Mwambie mama mapema, kabla hamjafika, "Mama, mwenzangu freshi inamsumbua tumbo, tumtengenezee mgando." Sentensi moja hiyo inaokoa miaka ya chuki. Na wewe dada, usijinyamazie ukaugua kwa ajili ya adabu. Sema ukweli kwa upole, shika kibuyu kwa mikono miwili, onja mgando, sifia.

Mapenzi ya kweli hayadai matumbo yafanane. Yanadai tu kila mmoja ajue mwenzake anakula nini, na nini kinamuumiza. Tukutane mwezi ujao, na salamu kwa mama mkwe!